Kauntabuku la Mstaafu

Ukitaka kuandika habari za maisha yako, usianze na "Nilizaliwa mwaka 1958." Wastaafu wenzangu hapa Mikindani wanapenda sana kuanzia hapo, na wengi wanakwama kabla hawajafika darasa la nne. Maisha mazima hayaandikiki asubuhi moja, na ukiyatazama yote kwa pamoja utafunga daftari urudi kulala.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho, upande wa Newala. Kitabu changu kilitaka tarehe, jina la mkulima, kilo, na kama korosho ni daraja la kwanza au la pili. Hakikutaka maneno mengine. Sasa ninaandika habari zangu kwa mtindo huohuo: tarehe, mahali nilipokaa, halafu jambo moja tu lenye uzito. "Utoto wetu ulikuwa wa shida" haina kilo hata moja. Andika mama alivyoteremka bondeni gizani kufuata maji, maana kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa mbali. Alibebea chombo gani? Nani alibaki na mtoto? Alirudi jua likiwa wapi? Ukijibu hayo ukurasa umejaa, na hujatumia neno shida.

Au chukua safari ya Dar. Mjukuu wako anapanda basi alfajiri hapa Mtwara, jioni anakupigia simu yuko Mbagala. Ukimwambia zamani safari ilikuwa ya tabu atakuitikia tu kwa heshima. Mwandikie tope la kati ya Ndundu na Somanga wakati wa masika, abiria wanashuka kusukuma basi, na foleni ya pantoni pale Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mlikula nini mkisubiri, na kwa shilingi ngapi? Bei ni kitu kizuri sana cha kuanzia. Kumbukumbu nyingine huja zinaifuata. Foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 nazo zina bei zake, na zina watu waliopita mlango wa nyuma.

Yale usiyoyaona mwenyewe, kawaulize wakubwa zako mapema. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ile iliyojengwa kwa mpango wa Waingereza wa kulima karanga, wanaoikumbuka ikiwa na treni juu yake wanapungua kila mwaka.

Wakati wa kuandika usiutafute, uuegeshe kwenye jambo unalolifanya kila siku. Mimi ni baada ya sala ya alfajiri. Kama unameza dawa ya presha asubuhi, kauntabuku likae palepale kwenye dawa. Robo saa inatosha. Msimu wa korosho ukiingia, Oktoba mpaka Desemba, nani ana robo saa? Andika mistari mitatu ulale. Na siku ikipita bila neno, usiilipe kesho yake. Anayelipa viporo huandika kwa kukimbiza, na siku ya tatu anachukia daftari lenyewe. Weka tarehe ya leo, endelea.

Jambo moja ninalisisitiza kuliko yote: usisimulie barazani kisa ambacho hujakiandika. Ukishakisimulia watu wakacheka, umekiuza kangomba, kama korosho za magendo zinazouzwa kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, na ukirudi kwenye daftari ghala ni tupu.

Macho na mkono vina mambo yake. Kapime macho kwanza. Ukungu usioondoka kwa miwani huenda ni mtoto wa jicho, na huo hutibiwa hospitali, si kwa miwani ya barabarani. Kaa dirisha likiwa upande wa kushoto kama unaandikia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari. Vidole vikiuma, viringisha kitambaa kwenye peni inenepe, na uruke mstari mmoja kila unapoandika. Siku mkono umegoma kabisa, jirekodi kwenye simu na uandike ukipata nafuu.

Daftari lililojaa huku pwani lina maadui wawili, unyevu na mchwa. Ninalifunga kwenye mfuko wa plastiki, naliweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, na ndoo haikai sakafuni. Mambo ya ndugu walio hai yana daftari lake na kufuli lake. Mjukuu akijitolea kukuchapia kwenye simu, mpe pesa ya bando, lakini mkubaliane mapema: ming'oko ibaki ming'oko, asikuandikie "viazi pori" eti wa Dodoma waelewe.