Namna ya kuandika maoni yako kuhusu riwaya, zaidi ya "ni nzuri sana"

Anza na penseli na daftari kabla hujafungua kitabu. Ukitegemea kumbukumbu, ukifika sura ya mwisho ile ya kwanza imeshafutika, na maoni yako yataegemea mwisho tu. Kila unapocheka, unapochoka au unapotamani kuruka kurasa, andika namba ya ukurasa na maneno matatu, basi. Andika pia mwaka wa toleo lako, maana kurasa za matoleo hazilingani.

Ukimaliza, kiache siku mbili. Machozi ya ukurasa wa mwisho yakishakauka, pitia alama zako uchague mbili zilizo na uzito.

Kosa linaloongoza limetoka darasani: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kila kimoja na aya yake. Huo ni mtihani. Linalofuata ni kusimulia kitabu kizima. Sentensi tatu za muhtasari zinatosha, na zisivuke theluthi ya kwanza ya hadithi.

Chukua Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Kusema "wahusika wamechorwa vizuri" hakumwambii mtu kitu. Jaribu hivi: "Yasmin akikataliwa na mjomba wake, anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo. Kwangu mimi Mwajuma ndiye anayeibeba riwaya. Denge, mpigania uhuru, mara nyingine anaongea kama yuko jukwaani." Hapo pana tukio, pana hukumu, na asiyekubaliana nawe anajua pa kukushikia.

Riwaya zote usizipime kwa kibaba kimoja. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) ni ya upelelezi: rudi nyuma uangalie kama dalili alizozitumia mpelelezi Bwana Msa zilikuwa mbele ya macho yako tangu awali, au zimechomolewa mfukoni dakika ya mwisho. Kusadikika ya Shaaban Robert ni fumbo. Ukilalamika kwamba Karama, mhusika wake mkuu, hafanani na jirani yako, umebisha hodi mlango usio wake. Pima hoja anazozitoa mbele ya baraza. Unaweza kulalamikia safari za wajumbe sita anaowasimulia, kwamba zinajirudia: kila mjumbe anakwenda, anarudi na maarifa, anafungwa. Kweli zinachosha kidogo, ingawa kuchosha huko ndiko kunakoonyesha ukaidi wa watawala.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi isome mara mbili kabla ya kuandika neno, ni fupi. Aliyemjua mwandishi huyu kwa Rosa Mistika atatafuta kisa kinachokwenda mbele, asikione, akiite kitabu kibovu. "Sikuielewa" ni maoni halali, mradi useme ulipotelea wapi.

Kwa tafsiri, kama Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mtaje mfasiri, Ida Hadjivayanis. Kisa ni cha Gurnah, lakini sentensi za Kiswahili unazozisifu au kuzilaumu ni za mfasiri.

Urefu: maneno 150 hadi 250. Nukuu moja, isizidi sentensi mbili, inakiliwe herufi kwa herufi. Kama huwezi kukwepa kufichua mwisho, toa onyo mstari mmoja kabla. Kisha taja nani akisome na nani asipoteze muda wake: mpenzi wa Bwana Msa, kwa mfano, usimkabidhi Nagona bila kumtahadharisha.