Visoda 36 na dadu tatu: pa kuanzia kujifunza fizikia ya maada

Ukitaka kuijua fizikia ya maada iliyoshikamana, yaani vyuma, fuwele, sumaku, vimiminika na kila kitu ambacho atomu zake zimebanana, usianze na milinganyo. Nafundisha kidato cha tano na sita hapa Tanga, na ninao vijana wanaokokotoa vizuri sana ila hawawezi kukueleza kwa nini msumari ukiwa mwekundu kwa moto haushikwi na sumaku. Anza na ubao wa drafti.

Tafuta visoda 36 na dadu tatu, mbili kati yake ziwe na rangi tofauti. Ubao una miraba 8 kwa 8. Funika kwa karatasi safu mbili za pembeni na mbili za chini, ibaki 6 kwa 6, kwa sababu dadu ina pande sita. Visoda omba dukani. Vijana wa kijiweni hawaazimi vya kwao, na hata wakikuazima watakuja kukusimamia na kukupangia cha kugeuza.

Kila kisoda ni atomu ya chuma. Kikilala kifudifudi, sumaku yake ndogo inaelekea chini. Kikilala chali, inaelekea juu. Ndivyo mwanafizikia Wilhelm Lenz wa Hamburg, Ujerumani, alivyomrahisishia kazi mwanafunzi wake Ernst Ising, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1925. Kwa nini atomu jirani za chuma zipende kuelekea upande mmoja? Hilo ni swali la kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kama atomu, na mwanafizikia Werner Heisenberg alilijibu mwaka 1928. Liweke kiporo.

Tikisa visoda kwenye kopo, vipange ovyo, kisha cheza hivi. Rusha dadu mbili za rangi: moja ikupe safu ya kulala, nyingine safu ya kusimama. Umepata kisoda. Hesabu majirani zake wanne (juu, chini, kushoto, kulia) uone wangapi wamelala kama yeye. Aliye ukingoni jirani yake yuko ukingo wa pili, kana kwamba ubao umekunjwa. Wanaofanana naye wakiwa wawili au pungufu, mgeuze. Wakiwa watatu, rusha dadu ya tatu, na umgeuze ikitoka 6 tu. Wakiwa wanne, irushe mara mbili, na umgeuze zikitoka 6 zote mbili. Vinginevyo mwache alivyo, rusha tena upate mwingine. Hakuna kanuni zaidi ya hiyo.

Dadu ya tatu ndiyo joto. Kumgeuza mwenye wenzake wanne kunagharimu nishati mara mbili ya kumgeuza mwenye watatu, na kwa kanuni ya Boltzmann, inayohusisha nishati na uwezekano, gharama ikiwa mara mbili, uwezekano unajizidisha wenyewe: 1/6 inakuwa 1/36. Ukitaka joto kali, ruhusu 4, 5 au 6 badala ya 6 peke yake. Ukitaka baridi, mwenye watatu atake 6 mbili mfululizo, na mwenye wanne atake 6 nne.

Cheza raundi mia mbili au tatu kwa kila hali. Mkiwa wawili, mmoja anarusha na mwingine anageuza, haichukui muda. Kwenye joto kali ubao hautulii kamwe. Kwenye baridi karibu visoda vyote vinalala upande mmoja, au ubao unagawanyika mapande mawili yanayogombana kwa muda mrefu. (Chuma halisi nacho kina mapande ya namna hiyo, huitwa domeni, ingawa sababu yake ni nyingine.) Upande gani utashinda? Huwezi kujua. Kanuni haina upendeleo wa juu wala chini, ubao ndio unaochagua.

Hali ya 6 moja ndiyo ninayoipenda. Visiwa vinaota, vinakua, vinamezwa, vikubwa kwa vidogo. Mwaka 1944 Lars Onsager alikokotoa mahali hasa ambapo mpangilio unavunjika kwenye ubao usio na mwisho. Kwa lugha ya mchezo wetu, ni pale uwezekano wa dadu ya tatu unapokuwa 0.1716. Dadu ya dukani inatoa 0.1667. Yaani imekaa karibu kabisa na ukingo, na wala haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Sasa ondoa visoda vyote ubakize sita kwenye duara. Kila mmoja ana majirani wawili. Wote wawili wakifanana naye, rusha dadu, mgeuze kwa 6. Vinginevyo mgeuze tu. Mpangilio haudumu, kwa sababu akishageuka mmoja, mpaka kati ya makundi unatembea bila gharama yoyote. Ising alithibitisha kwamba kwenye mstari mpangilio haupatikani kwenye halijoto yoyote iliyo juu ya sifuri kamili (baridi ya mwisho kabisa), akadhani hata katika vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kina, ni hivyo hivyo. Mwaka 1936 Rudolf Peierls alionyesha kwamba kwenye ubao mambo ni tofauti. Kisoda ni kile kile na tabia yake ni ile ile. Kwa hiyo mpangilio huwezi kuukuta ndani ya kisoda hata ukichunguze mwaka mzima: unaibuka kutokana na wingi wao na namna walivyopakana. Philip Anderson aliitetea hoja ya namna hiyo katika jarida la Science mwaka 1972, na wanafizikia wa maada bado wanairejea.

Chuma chenyewe kijaribu jikoni. Pasha msumari wa inchi tatu kwenye mkaa unaopepewa hadi uive uwe wa rangi ya chungwa. Misumari ya bati usitumie, ile iliyopakwa zinki, moshi wake una madhara. Utoe kwa koleo, usogezee sumaku ndogo iliyoning'inizwa kwa uzi. Haitikisiki. Msumari ukianza kufifia, ukishuka chini ya nyuzi 770 za Selsiasi, mpangilio wa atomu zake unarudi na sumaku inaurukia ghafla. Ivute upesi isiungue, maana nayo ikipata joto inaharibika.

Baada ya hapo andika kanuni ile ile kwenye kompyuta, ubao wa 100 kwa 100, uwezekano ukiupandisha kidogo kidogo kutoka 0.10 hadi 0.25. Kila hatua chora tofauti kati ya idadi ya waliolala chali na waliolala kifudifudi. Anzia ubao uliopangika wote upande mmoja, ukianza na ovyo utasubiri sana.