Kukagua nyumba ya wazee iliyoanza kulegalega

Mkaguzi akipiga simu kabla, atakuta shuka mpya na pilau jikoni. Iwe nyumba ya Serikali, kama zile za Zanzibar zilizopo Sebleni, Welezo na Limbani, au ya watu binafsi, nenda bila taarifa. Nenda mara mbili: alfajiri zamu ya usiku ikiwa haijaondoka, na siku nyingine saa tatu usiku.

Usianzie ofisini. Daftari la wiki nzima huweza kujazwa kwa mkupuo mmoja. Utalijua kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Anzia kitandani. Toa salamu, omba ruhusa, awepo muuguzi wa kike kwa bibi na wa kiume kwa babu, kisha tazama visigino, nyonga na chini ya mgongo. Palipoiva wekundu bonyeza kidogo kwa kidole, uachie. Pasipopauka, kidonda cha kulalia kimeshaanza. Ngozi nyeusi huuficha wekundu, kwa hiyo gusa: pana joto, pagumu au patepete kuliko pembeni? Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili. Uliza aligeuzwa lini, na jirani yake wa kitanda cha pili naye muulize.

Kisha mizani. Aliyekuwa na kilo 50 mwezi uliopita na leo ana 47.5 amepoteza asilimia 5. Huyo aonwe na daktari. Kama uzito haukuandikwa kabisa, hiyo ni kasoro tayari.

Stoo ina hesabu yake. Wazee 30 kwa robo kilo ya mchele kwa siku hula kilo 7.5, na gunia la kilo 50 halimalizi wiki. Likikaa wiki mbili, ulizia siku za mihogo na mkate kabla hujamshuku mtu. Dawa nazo zihesabiwe: vidonge 30, kimoja kwa siku, baada ya siku kumi vibakie 20. Vikiwa 26, dozi zimerukwa.

Ramadhani, jiko likizimwa mchana, mzee wa kisukari asiyefunga asiachwe kusubiri futari. Na Pensheni Jamii, posho ya Serikali ya Zanzibar inayolipwa tangu 2016 kwa waliotimiza miaka 70, muulize mzee nani humpokelea.

Ripoti ya "huduma ziboreshwe" haimsaidii mtu. Andika kasoro, mhusika na tarehe: kidonda na dawa, saa 24; mhudumu wa usiku na maji, siku 7; paa, kabla ya masika. Kama fedha ndizo zinazochelewa, barua iende kwa anayezishika. Bila fedha hizo, hata msimamizi akionywa mara tatu, tangi la maji halitajaa.

Kufunga nyumba kuwe kwa mwisho, maana mzee aliyepoteza kumbukumbu huchanganyikiwa zaidi akihamishwa. Ikilazimu, kila mmoja aondoke na dawa za siku saba, kadi ya matibabu na namba ya ndugu, na aambiwe mwenyewe kabla gari halijafika mlangoni.