Kuwinda nguruwe mwitu Texas: bunduki, meno na kisu

Anayealikwa ranchi kwa mara ya kwanza huwa anaulizia meno. Meno yana hatari yake, na utaikuta katika hatua ya 4. Ila ugonjwa unaomlaza mwindaji kwa miezi huingia baadaye, nguruwe akiwa ameshakufa, kupitia mkwaruzo mdogo wa kisu. Kwa hiyo hatua ya 5 ni ndefu kuliko nyingine zote, na asiye na muda aanze nayo.

Hatua ya 1: Karatasi na mipaka

Tangu Septemba 1, 2019, Texas haidai leseni ya uwindaji kwa nguruwe mwitu ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi na mwenyewe amekuruhusu. Kwenye ardhi ya umma leseni bado inahitajika.

Hapo kuna mtego unaowahusu wageni. Sheria ya shirikisho inamkataza aliye Marekani kwa viza ya muda, akiwemo mwanafunzi na mtalii, kushika bunduki au risasi. Kuna misamaha michache, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo mwenzako aliye raia wa Marekani atawinda bila leseni kwa haki kabisa, wewe wa viza ya masomo ukifanya hivyo umevunja sheria ya shirikisho ukiwa umesimama palepale. Nunua leseni, itembee nawe mfukoni. Mwenye green card hakatazwi. Asiye na hadhi halali asiguse bunduki hata kwa kupigwa picha, na ambaye maombi yake ya hifadhi bado yanasubiri amuulize wakili kwanza.

Mwombe mwenye ranchi akuonyeshe mipaka kwa macho, mchana. Mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo maana yake ni "usiingie", na mbele ya sheria ya Texas ina uzito sawa na kibao. Nguruwe uliyemjeruhi akivuka uzio, usimfuate. Mpigie jirani simu.

Hatua ya 2: Mjue mnyama

Huyu si ngiri, wala si nguruwe pori wa kwetu anayefukua mihogo. Ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania karne ya 16, kikachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioingizwa Texas miaka ya 1930 kwa ajili ya uwindaji. Rangi zao ni za kila aina. Dume kubwa hupita kilo 130.

Kusini na magharibi mwa Texas yupo pia javelina. Ni mdogo, kama kilo 20 hivi, ana utepe mweupe shingoni na mkia hauonekani. Huyo ana msimu wake na idadi maalumu, na leseni ni lazima. Usiku, kwenye darubini ya joto, javelina na nguruwe mdogo wanafanana sana. Huna uhakika, usipige.

Hatua ya 3: Kukaa na kulenga

Bunduki ya .308 ya kukokea kwa mkono, risasi ya grein 150 hadi 165 (kipimo cha uzito wake). Wapo wanaopenda .223 ya kufyatua mfululizo kwa sababu kundi huja kumi kwa mpigo. Mtindo huo haufai kwa anayeanza: risasi ya pili na ya tatu hupigwa kwa nguruwe anayekimbia, na anayekimbia hana mandhari ya nyuma uliyoikagua. Risasi ya .308 iliyokosa husafiri kilomita kadhaa. Kagua nyuma ya mnyama kabla ya kukagua mnyama. Ardhi inayopanda au tuta la bwawa ni salama. Ukingo wa kilima wenye anga nyuma yake si salama hata kidogo.

Darubini ya joto inaonyesha joto tu. Ndama, mbwa na mwenzako aliyeinama kuokota kofia wote ni madoa meupe. Kubalianeni nani anakaa wapi na kila mmoja anapiga pembe gani, na hakuna anayeshuka bila kusema kwa redio au simu. Kama mnawinda usiku, mwarifuni mapema askari wa wanyamapori wa kaunti, maana majirani wakisikia milio watampigia yeye.

Kwenye jukwaa la mtini, vaa mkanda wa mwili mzima na uufunge mtini tangu ukiwa chini. Bunduki inapandishwa kwa kamba, ikiwa haina risasi, mtutu ukielekea chini. Wengi huanguka wakipanda na wakishuka.

Pa kulenga: aliyezoea kupiga kulungu hulenga nyuma ya bega. Kwa nguruwe, hapo ni utumbo. Moyo wake umekaa chini na mbele zaidi. Akiwa amesimama ubavu, panda na mstari wa mguu wa mbele, simama theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Dume mzee ana ngao ya gegedu ngumu juu ya mabega, na risasi nyepesi hupoteza nguvu humo. Nyuma ya sikio anaanguka palepale, ila shabaha ni ndogo, na ukikosa kidogo umevunja taya la mnyama atakayekufa baada ya siku nyingi.

Hatua ya 4: Aliyejeruhiwa

Subiri nusu saa. Ukimwona ameanguka, bado subiri, ukiwa umemlenga.

Nguruwe ana mafuta yanayoziba tundu la risasi, kwa hiyo damu huweza kuwa kidogo hata kama jeraha ni la kufa. Usidhani umekosa kwa sababu majani ni makavu. Weka alama pale aliposimama, na nyingine pale ulipomwona mara ya mwisho, kisha nenda polepole, watu wawili, mmoja macho chini na mmoja macho mbele. Kichaka kinene usiku hakiingiwi. Nyama itapotea kwa joto la Texas, ni kweli. Acha ipotee.

Meno ya chini hujinoa kila yanaposuguana na ya juu, na pigo lake huenda juu kutoka chini: goti, paja. Kwenye paja kuna mshipa mkubwa unaoweza kukumaliza kwa dakika chache. Kila mmoja awe na mkanda wa kubana damu, ule wa kijiti cha kuzungusha, mahali anapoufikia kwa mkono wowote. Unafungwa sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti lenyewe, na unazungushwa mpaka damu ikome. Itauma sana, usilegeze. Andika saa, piga 911, na uwe umeshaandika mapema jina la barabara na namba ya geti, kwa sababu ranchi nyingi hazina anwani ambayo gari la wagonjwa litaipata gizani.

Ukimfikia, njoo kwa upande wa mgongo na umguse jicho kwa fimbo ndefu. Jicho likipepesa, ongeza risasi.

Hatua ya 5: Kisu

Nguruwe mwitu hubeba bakteria wa brusela, wale wale wa ugonjwa wa kutupa mimba unaojulikana kwa wafugaji nyumbani, ila hawa ni wa aina ya nguruwe. Mnyama mwenye nao huonekana mzima, mnene, anang'aa. Hutamtambua kwa macho. Wanaingia kwa mkato, kwa jicho, kwa mdomo, na kwa matone madogo yanayoruka hewani. Wamejaa zaidi kwenye damu, korodani, mfuko wa uzazi na maji ya mimba.

Glavu: vaa jozi mbili za naitrili, ya nje ifike kiwiko. Lakini naitrili haizuii kisu. Kwenye mkono usioshika kisu, katikati ya zile jozi mbili, weka glavu ya nyuzi isiyokatika kirahisi. Mkono huo ndio unaovuta ngozi, na ndio unaokatwa. Glavu ya nje ikitoboka, ivue palepale, nawa, vaa nyingine. Chukua jozi sita, si mbili. Miwani ya plastiki iliyofunika pembeni. Kidonda kibichi mkononi? Mwachie mwingine kazi.

Kisu kiwe kifupi, sentimita 8 hadi 10, kisichokunjwa. Kisu kikubwa cha kujionyesha huteleza. Usikishike kwa meno unapotaka mkono wa pili, jambo ambalo watu hulifanya bila kufikiri.

Simu ndiyo inayosahaulika. Mtu amevaa glavu vizuri, kisha anatoa simu kupiga picha, anairudisha mfukoni, na saa moja baadaye ameiweka sikioni. Piga picha kabla ya kuchuna, kisha ifunge garini. Hakuna kula, hakuna sigara, hakuna kufuta jasho usoni kwa mkono.

Usifungue tumbo. Wengi bado hupasua kifuani hadi chini, nami siipendi njia hiyo kwa nguruwe mwitu: umefungua mfuko wa uzazi na matumbo ili upate nyama kidogo. Mlaze ubavu, pasua ngozi juu ya uti wa mgongo, ivute kuelekea chini. Mguu wa mbele hauna kiungo cha mfupa na mwili: inua, kata misuli chini ya bega, unatoka wote. Sarara inatolewa ikiwa ukanda mmoja kutoka shingoni hadi nyongani. Paja la nyuma, fuata mfupa hadi kiungo cha duara, ukate hapo. Mgeuze, rudia. Nyama laini ya ndani chini ya figo iache. Usitumie msumeno kwenye mfupa, unarusha matone.

Mafuta yakiwa ya buluu, acha kila kitu. Tangu 2024 Texas imeruhusu chambo chenye sumu ya warfarin, na rangi hiyo imewekwa makusudi ili uione.

Mwisho: visu na meza vioshwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, dakika kumi. Mabaki usimpe mbwa. Nguruwe hawa hubeba pia ugonjwa wa Aujeszky, ambao kwa kawaida haumpati binadamu lakini unamuua mbwa kwa siku chache. Na kama wewe au rafiki yako anafuga nguruwe, buti hizo zisifike bandani.

Hatua ya 6: Barafu na jiko

Barafu nyingi, kizibo cha chini cha sanduku wazi ili maji ya damu yatoke. Kugandisha hakuui brusela, na hakuaminiki kwa minyoo ya trikinela ya wanyama pori. Kukausha, kutia chumvi na kufukiza moshi ni hivyo hivyo. Kinachofanya kazi ni joto la 71°C ndani ya nyama, yaani 160°F, kwa kipimajoto kilichochomwa sehemu nene bila kugusa mfupa. Kitimoto cha vipande vidogo kwenye karai hufika huko bila shida. Choma ya mfupani ndiyo inayodanganya: nje imeungua, ndani bado ya pinki.

Hatua ya 7: Homa ikija

Homa ya brusela huanza wiki moja hadi nne baadaye, wakati mwingine miezi. Homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, viungo kuuma, uchovu usioisha, na kwa wanaume korodani kuvimba. Aliyetoka safari ya nyumbani karibuni atafikiria malaria, na daktari pia. Mwambie moja kwa moja: "Nilichuna nguruwe mwitu", na utaje tarehe. Tiba ni antibayotiki mbili pamoja kwa wiki sita au zaidi, na ukiacha mapema ugonjwa unarudi. Mwombe pia aandike brusela kwenye fomu ya damu, kwa sababu bakteria hao wakioteshwa bila tahadhari humwambukiza hata mpimaji wa maabara.