Miche ya nyanya kubabuka baada ya kupandikizwa

Mche wa nyanya uliokulia kivulini ukihamishiwa shambani wakati wa jua kali, ndani ya siku 2 au 3 majani hutoa mabaka meupe, makavu kama karatasi, upande unaopigwa na jua. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Ni hasara tupu. Mabaka ya bakajani, ugonjwa unaoletwa na ukungu, ni ya kahawia au meusi na huenea siku hadi siku. Haya ya jua hubaki pale pale.

Jani hunasa mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, na nguvu inayozidi hugeuza oksijeni iliyomo ndani yake kuwa kali, ikiwemo haidrojeni peroksaidi. Ikizidi, huunguza seli. Ikiwa kidogo, ni hiyo hiyo inayoushtua mmea ujihami: seli hutengeneza katalasi, kimeng'enya cha kuizima, na jani huongeza rangi ya manjano, ile ile ya mahindi ya njano, ambayo husaidia kutoa mwanga wa ziada kama joto. Kinga hii huhitaji siku kadhaa kujengeka, na ndiyo sababu ya kukomaza miche, yaani kuizoesha jua kidogo kidogo.

Anza siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza. Siku 2 za kwanza funua kichanja cha kivuli kilicho juu ya kitalu saa 1 hadi saa 4 asubuhi tu, kisha ongeza muda kidogo kidogo hadi miche ishinde juani siku 2 za mwisho. Nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe mwezi Juni na Julai, subiri kwanza kupambazuke vizuri na baridi ipungue: jani lililopoa hutumia mwanga polepole, hata jua la asubuhi huliunguza.

Maji yapunguze kuanzia siku ya 4. Usiyapunguze siku ile ile unayoanza kufunua, kwani jani lenye kiu hufunga vitundu vyake, hewa ya ukaa haiingii, na mwanga hukosa kazi. Mche ukilegea mchana na kusimama jioni, uko sawa. Ukiukuta asubuhi bado umelegea, mwagilia. Ukizidisha siku 10, shina hukakamaa na mche hudumaa.

Pandikiza miche yenye majani halisi 4 au 5 (usihesabu yale mawili ya kwanza ya mbegu), kuanzia saa 10 jioni, kitalu kikiwa kimemwagiliwa vizuri.

Majani yaliyobabuka hayarudi kijani, lakini usiyang'oe. Tazama kichomozo cha juu: kikiwa kibichi, chomeka tawi lenye majani upande wa magharibi kwa siku 4. Kikiwa kimekauka, ziba pengo kwa mche mwingine.