Chapa za Hoki Zenye Sahihi: Kagua Kabla ya Kulipa

Chapa ya hoki ya barafuni, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi kwa idadi maalumu ya nakala, ikitiwa saini na mchezaji huwa na sahihi mbili, na kila moja inadai ushahidi wake. Ya mchoraji huwa ya penseli, kwenye pambizo nyeupe chini ya picha. Ya mchezaji mara nyingi ni ya maka peni. Hati inayoambatana na picha huenda ikathibitisha ya mchoraji peke yake, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia.

Anza na namba. 125/950 ni nakala ya 125 kati ya 950, lakini 950 si jumla yote. Mchoraji hubaki na nakala zake zilizoandikwa A.P. (nakala ya msanii), au E.A. kwa Kifaransa cha Quebec huko Kanada, mara nyingi kama asilimia 10 ya ziada. Uliza zilichapwa ngapi kwa jumla, ukihesabu na zile za ukubwa mwingine. Usilipie zaidi kwa sababu namba ni ndogo: hilo lina maana kwa bamba la shaba linalochakaa likichapa, si kwa ofseti (uchapaji wa mashine kubwa) wala printa ya wino. Namba inayopandisha bei ni inayolingana na jezi: 4 ya Bobby Orr na Jean Béliveau, 9 ya Gordie Howe na Maurice Richard, 66 ya Mario Lemieux, 99 ya Wayne Gretzky. Nakala ya 99 ikiuzwa kwa bei ya nyingine, jiulize kwa nini.

Sasa chukua lenzi inayokuza mara 10 na taa ndogo. Picha ya ofseti huonekana ni vidoti vya rangi vilivyojipanga kama maua madogo. Sahihi nayo ikiwa ya vidoti, imechapwa pamoja na picha. Penseli halisi hung'aa kijivu ukiimulika kutoka ubavuni, na huacha mfereji mwembamba kwenye karatasi. Wino wa maka peni huzidi kukolea pale mistari inapokatana. Kuna pia mashine za kuandika sahihi: mstari wake una unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kitone kalamu ilipotua na kuinuka. Tafuta picha za sahihi nyingine tatu nne za mchezaji huyo. Zikilaliana sawasawa bila tofauti yoyote, hazikuandikwa kwa mkono.

Linganisha tarehe. Richard alifariki Mei 2000, Béliveau Desemba 2014, Howe Juni 2016. Mchezaji mwingine, Tim Horton, alifariki Februari 1974, kwa hiyo sahihi yake kwenye chapa ya miaka ya 1990 ni ya kughushi, hakuna mjadala.

Hati yoyote inaweza kuchapwa na yeyote. Uchunguzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ulioitwa Operation Bullpen ulifichua waghushi waliouza hati pamoja na sahihi bandia. Afadhali kibandiko cha PSA/DNA, JSA au Beckett, kampuni zinazokagua sahihi, ambacho namba yake hutafutwa kwenye tovuti zao. Soma na maelezo: namba ikionyesha kuwa kilichokaguliwa ni jezi, kibandiko kimehamishwa.

Ukishanunua, hatari kubwa ni fundi wa fremu. Mkataze kabisa kubandika chapa nzima kwenye ubao kwa gundi ya joto, au kupunguza pambizo ili itoshe. Ishikizwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Kadi ya pambizo (inayozunguka picha ndani ya fremu) na ya nyuma ziwe za pamba zisizo na asidi, kwani kadi ya bei nafuu huacha mstari wa kahawia kuzunguka picha baada ya miaka michache. Wacha angalau milimita 3 kati ya karatasi na kioo, la sivyo unyevu utaigandisha sahihi kwenye kioo.

Kioo chenyewe kiwe cha kuzuia miale ya UV, na bado usitundike mkabala na dirisha. Penseli ya mchoraji haipauki. Maka peni ya mchezaji hupauka, na ikishapauka haikolezwi tena: kuipitia kwa wino mpya ni kuiharibu.