Kijana anataka gari na wewe unafikiria ya stima? Anza na soketi

Tangu mpwa wangu amalize fomu foo, akafikisha 18 na kupata leseni, hapa kwetu Kisumu mjadala ni mmoja tu kila Jumapili, anunuliwe Vitz ya petroli ama Nissan Leaf ya stima. Dada yangu anaogopa stima, kijana naye hataki Vitz ju ati ni gari ya mama. Ikabidi anko ndio atafute ukweli. Vile nimeona, kwa dereva mchanga gari ya stima inaweza kuwa poa kuliko ya petroli, lakini si kwa zile sababu broka anakuambia, na kuna nyumba zingine hata usijaribu.

Kwanza uliza gari italala wapi. Kama mnakaa ploti ya kupanga, mita mnashea na wapangaji sita na parking ni pale nje kwa barabara, wacha hiyo story, nunua ya petroli. Kama una geti yako na mita yako ya tokeni, ita fundi wa stima kabla hata ya kutafuta gari. Mwambie unataka soketi yake peke yake, waya nene kutoka kwa boksi ya fyuzi, na athi, ile ya kupeleka stima ardhini, iwe ya ukweli si waya imefichwa tu ukutani. Gari inavuta karibu ampia 10 usiku mzima, sio kama pasi ya dakika kumi. Mimi nilikuwa na ekstensheni nilidhani ni ngumu, tuliijaribu siku moja na gari ya rafiki, asubuhi plagi ilikuwa imeyeyuka ikanuka nyumba yote. Kijana akipewa chaja atatumia ekstensheni yoyote ako nayo karibu, kwa hivyo funga hiyo njia mapema.

Kwa hiyo soketi ya kawaida unapata kama kilowati 2.4, yaani ukichaji kwa masaa kumi unaweka yuniti 24 hivi, na Leaf inaenda kilomita sita ama saba kwa yuniti. Piga hesabu: yuniti ikiwa shilingi 28, kilomita mia ni kama 450. Vitz kwa hizo kilomita inakunywa lita sita hivi, na petroli ikicheza 180 hapo umepita elfu moja. Stima ikipotea usiku, na huku inapotea, asubuhi kijana apande matatu. Haitamuua.

Sasa ile kitu kila mtu analalamika, ati haiendi mbali. Kwa mtu wa miaka 18 mimi naihesabu ni faida. Leaf ya zamani ya kilowati-saa 24, yaani yuniti 24, ambayo betri imechoka kidogo inaweza kumtoa Milimani hadi Maseno na kumrudisha, hiyo ni kama kilomita 50 zote, bila shida. Lakini saa tano usiku marafiki wakisema twende Nakuru, haendi. Ni kama kilomita 180 kupitia Kericho, na unatoka mita 1,100 na kitu hapa ziwani ukipanda hadi Mau Summit zaidi ya mita 2,000, mlima unakula betri vibaya sana, alafu mbele yako bado kuna Salgaa na zile lori. Gari yenyewe inamwambia hapana na wewe uko kitandani. Na kila usiku lazima irudi kwa soketi yako. Hakuna petroli ya mia tano ya kuongezea mahali.

Shida ya kweli iko kwa mguu wa kulia. Gari ya stima haingoji gia wala injini kuamka, ukikanyaga inaruka hapo hapo, na Leaf ina uzito wa kama tani moja na nusu, Vitz ni kama tani moja. Weka hizo mbili pamoja na kijana anayetaka kuonyesha watu pale Kondele. Pia haipigi kelele. Boda wetu hawaangalii nyuma, wanasikiliza, na mama anayevuka na beseni ya omena pia anasikiliza. Ile sauti ndogo gari inatoa ikienda polepole huwezi kuitegemea mbele ya spika za matatu. Kwa hivyo miezi ya kwanza mwambie aendeshe na modi ya Eco ikiwa on, inapunguza ile kuruka, na sokoni aingie akidhani hakuna mtu amemsikia.

Kama ni Leaf mpya kidogo, ile umbo la kuanzia 2017, inaweza kuwa na e-Pedal, unaachilia mguu gari inajisimamisha yenyewe. Ni tamu lakini mimi ningeizima mwanzoni. Kijana akizoea hiyo alafu apewe Probox ya babake, siku ya kwanza atasahau breki iko wapi. Na leseni nayo, akifanya testi ya otomatiki tu manyuali haruhusiwi, heri afanye testi na manyuali hata kama gari yake haina klachi.

Kuangalia betri: dashibodi ina mistari 12 midogo pembeni, hiyo ni afya ya betri, sio chaji. Mstari wa kwanza ukipotea jua betri imeshuka hadi kama asilimia 85. Usiamini picha, nenda na mtu ako na LeafSpy kwa simu, ile app ya kusoma betri ya Leaf, na kile kidude cha OBD cha kuchomeka kwa gari, usome namba. Hapa Kisumu nasisitiza zaidi ju betri ya hizi Leaf tunazoongelea haina maji ya kuipoza na jua letu unalijua, Nakuru afadhali kuna baridi. Paki kwa kivuli, usiiache na chaji mia kwa mia siku nzima.

Broka akikuambia Nissan Note e-POWER ni ya stima, cheka tu. Inaweka petroli kama zingine, injini ndio inatengeneza stima. Si mbaya, lakini haichomekwi popote.

Bima piga simu kabla ya kulipa gari. Kampuni nyingi zinaongeza ile pesa unajilipia mwenyewe ajali ikitokea kama dereva ako chini ya 25 ama leseni ni mpya, na usiwadanganye ati gari ni yako na ni wewe unaendesha.

Ukishanunua, Jumamosi moja panda na yeye. Toka Mamboleo, pandisha Riat, endeni hadi Chavakali mrudi, yeye aandike asilimia kila mahali mnasimama. Kupanda ataona namba zinaanguka mpaka atoe jasho, kurudi ataona zinashuka polepole, saa zingine hata zinapanda. Sheria ya nyumbani iwe akifika kwa geti chaji imebaki angalau asilimia 20. Na tokeni za hiyo mita ananunua yeye.